Kisiba Kimelala

Mungu wangu, nakushukuru. Umenipa miaka mingi kuliko niliyoiomba, macho ambayo bado yanasoma nikikaa karibu na dirisha, na mkono ambao bado unaandika ingawa unatetemeka. Kila mwaka umetuletea mvua, tukiwa tumestahili na tukiwa hatukustahili. Sifa ni zako kabla sijaanza, na zitabaki kuwa zako nikishamaliza. Nalisema hili mapema kwa sababu habari ninayoiandika ni ya huzuni, na nisingependa mtu aisome adhani ninakulalamikia wewe. Mwenye kosa namfahamu. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Nilizaliwa kando ya mto, mmojawapo wa ile inayoshuka kutoka milimani, ikapita katikati ya mashamba ya mpunga ya Kyela na kuishia Ziwa Nyasa. Kabla ya kufika ziwani mto wetu ulikuwa unakata kona, na ndani ya kona ile kulikuwa na maji mapana yaliyotulia, yamezungukwa na matete marefu kuliko mtu. Maji ya namna hiyo sisi Wanyakyusa tunayaita kisiba. Wakati wa mvua samaki aitwaye mbasa, yule mkubwa mwenye magamba kama fedha, hutoka ziwani na kupanda mto kwenda kutaga mayai kwenye changarawe za huko juu. Kabla ya kuanza safari alikuwa anapumzika kisibani. Na vitoto vyake viliposhuka vilikaa humo humo, kwenye mizizi ya matete, mpaka vikapata nguvu ya kuingia ziwani. Siku hizi mambo haya yanafundishwa kwa michoro. Sisi tuliyajua kwa kuyaona.

Kisiba kilikuwa na mlinzi. Alikuwa babu yangu, kisha baba, na baba alipofariki akawa kaka yangu mkubwa. Mvua za kwanza zikinyesha, mlinzi alichomeka nguzo mbili mahali maji ya kisiba yanapokutana na mto, akalaza tete moja kutoka nguzo hadi nguzo, na katikati ya tete akafunga fundo la majani makavu ya mgomba. Kisha alirudi nyumbani, na kila aliyekutana naye njiani alimwambia neno moja tu: "Kigonile." Maana yake, kimelala. Tangu siku hiyo hakuna aliyetega humo wavu wala mgono, ule mtego wa kusukwa, hakuna aliyekata matete, na mitumbwi ilipita mbali kidogo, makafi yakiwa juu. Mpaka mpunga ukomae. Hapo mlinzi alikata fundo na kutangaza kwamba kimeamka. Samaki wa siku ya kwanza walipelekwa kwa wajane na kwa wanawake waliojifungua karibuni. Wa siku ya pili walikuwa wa kila mtu.

Kulikuwa na jambo moja dogo ambalo wageni walilishangaa. Salamu yetu ya asubuhi ni "Ugonile," yaani, je, umelala? Ni neno lile lile. Kwa hiyo kwenye njia inayopita kando ya kisiba, wakati kimefungwa, watu hawakusalimiana. Unakutana na shemeji yako uliyemkosa wiki nzima, unamwinamia kichwa, mnapishana kimya. Mkishafika mbali, mmoja anageuka na kupaza sauti, na mwenzake naye anageuka, mnasalimiana kwa kelele kama watu waliovuka mto wenye mamba. Ilisemekana ukiuliza "umelala?" jirani na aliyelala, unamwamsha. Wageni walituona watu wasio na adabu.

Nilipobatizwa nilikuwa kijana mwenye cheti cha shule ya misheni na mwandiko mzuri. Niliona kazi yangu ya kwanza kwa Bwana ni kuuvunja ukimya ule. Nilisimama makusudi penye njia ile na kumsalimu kila aliyepita, "Ugonile!" kwa sauti ya kufika ng'ambo ya pili. Wanawake walikimbia na mitungi yao. Kaka alinijia akiwa na kisu chake cha kusukia migono.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, kaka. Hakuna aliyeamka. Unaona? Ni maji tu."

"Haya. Jumapili hii nikija kanisani nikapiga ngoma wakati mnasali, nako hakuna atakayeamka?"

"Kanisani kuna ibada."

"Nyinyi mnafunga maduka siku moja, mimi nafunga maji miezi kadhaa. Nani ana ibada ndefu?"

Nilicheka kwa dharau. Alikuwa mtu wa maneno hayo. Hakubatizwa maisha yake yote kwa sababu alikuwa na wake wawili, na kanisa lilimtaka aache mmoja. Alimjibu mchungaji, "Nichagulie wewe yupi, kisha uende ukamwambie mwenyewe." Mchungaji alikunywa chai akaondoka. Hata hivyo Jumapili nyingi kaka alikuja kukaa kwenye ngazi za nje za kanisa, akasikiliza hadi mwisho, na baadaye alinitajia makosa ya mahubiri yangu.

Miaka ikapita. Nikawa karani wa chama cha ushirika kule Ipinda, nikipima mpunga wa watu, na nikawa mzee wa kanisa. Mara nyingi nilifundisha juu ya siku ya saba, jinsi Mungu mwenyewe alivyopumzika na jinsi anavyotutaka tuipumzishe hata mifugo yetu. Nilifundisha pia dhidi ya fundo la majani ya mgomba. Mafundisho yote mawili yalitoka katika kinywa kimoja, na sikusikia yakigongana.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Aliyeishi wakati ule anajua ninachosema. Sabuni ilirudi madukani, mitumba ikaning'inia sokoni, na wanunuzi binafsi wakaingia hadi vijijini, Busale, Ngana, kila mahali, wakichukua mpunga na kakao kutoka mlangoni kwa mkulima. Ushirika wetu ukadhoofika, na siku moja nilikuta ghala limefungwa. Nikarudi nyumbani na kalamu zangu. Nyavu za nailoni zikafika, nyepesi kama utando wa buibui, na magari yenye masanduku ya barafu yakaanza kusubiri ufukweni. Kaka alijinunulia koti refu jekundu la mtumba, la nchi za theluji, lenye kofia ya manyoya. Alilivaa katika joto la Kyela.

"Kaka, utakufa kwa jasho."

"Nataka wenye nyavu wanione kutoka mbali," alisema. "Zamani walioogopa fundo walikuwa wengi. Sasa waogope koti."

Wakati huo ndipo alipokuja mtafiti. Alikuwa dada mmoja wa chuo kikuu, mpole, mwenye viatu vya mpira na begi la makaratasi. Alitaka kujua jinsi watu wetu wanavyoishi na mto, ziwa na misitu, na wanavyojua nini cha kutumia na nini cha kuacha. Alitumia maneno "maarifa ya jadi," na mimi niliposikia neno jadi nilijikunja. Hakujua Kinyakyusa. Serikali ya kijiji ikamwambia kuna mzee mmoja aliyekuwa karani, anayejua Kiingereza kidogo na kuandika vizuri. Nikawa mkalimani wake, na yeye aliniheshimu mno. "Shikamoo mzee, leo tuanzie wapi?" Kila asubuhi hivyo.

Tulikwenda nyumba kwa nyumba na dodoso lake. Katika dodoso hilo kulikuwa na ukurasa wa maeneo. Jina la eneo. Aina yake. Je, linatumika? Ndiyo au hapana. Kama hapana, kwa nini? Nakala moja alikuwa anaiacha ofisi ya kijiji, kwa uungwana tu, ili kijiji nacho kibaki na kumbukumbu zake.

Siku ya kisiba dada yule aliamka na homa. Alinituma peke yangu. "Mzee, wewe ni mwenyeji, hutakosea," alisema, akiwa amejifunika shuka. Nilimkuta kaka ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, koti jekundu begani, anasuka mgono. Fundo lilikuwa pale kwenye tete. Matete yalikuwa kijani kizito, na ndani yake maji yalikuwa yanajitikisa taratibu, kama kitu kinachopumua.

"Bwana Karani," alisema. "Umekuja kuwasalimu?"

"Nimekuja kuandika, kaka. Kisiba hiki kinatumika?"

"Kigonile."

"Dodoso linataka ndiyo au hapana."

"Basi ni dodoso la mtoto. Mtu akilala ukaulizwa kama yupo, unasemaje?"

"Kaka, nina nyumba nyingine tano."

"Andika kimelala. Halafu andika kwa nini, unajua kwa nini. Umemkuta humu mbasa mwenye mayai tangu hujaota meno. Andika hilo fundo. Andika na njia, kwamba watu hawasalimiani. Umwambie binti huyo akipona aje, nitamwonyesha vitoto."

Nilishika kalamu. Hapa ndipo ninaporudi kila siku ya maisha yangu.

Niliwaza kuandika "kimelala." Lakini Kiswahili cha ofisini nakijua. Mradi ukilala maana yake umekufa, na jalada likilala maana yake limesahaulika. Ingebidi nieleze. Na maelezo yake yalikuwa lile fundo, na ule ukimya, na babu yangu, mambo yote ambayo nilikuwa nimeyapiga vita mbele ya waumini. Mwandiko ungekuwa wangu. Ungesomwa chuoni, na hapa kijijini. Mzee wa kanisa anaandika habari za kutomwamsha aliyelala majini. Niliona aibu. Sikumwogopa Mungu wakati ule, niliogopa kuchekwa, na nikajidanganya kwamba ni kitu kimoja.

Penye swali la kama linatumika, niliandika: Halitumiki. Penye kwa nini, nilipiga mstari.

Dada alipopona nilimpa karatasi zote zikiwa zimepangwa. Aliangalia ule ukurasa. "Hiki cha mdomo wa mto hakitumiki kabisa, mzee? Kwa nini?" Nikamwambia, "Ni matete tu, mwanangu." Alikuwa amebakiza siku mbili na njia ya kisibani ilikuwa imejaa matope ya mvua. Hakwenda. Alituaga machozi yakiwa karibu, akanipa kalamu ya wino nzuri, ambayo nilikuja kuitupa chooni.

Mwaka uliofuata, kabla mpunga haujakomaa, tuliitwa mkutanoni. Mtendaji wa kijiji, kijana mchangamfu aliyetoka mbali na kwetu, alikuwa na barua. Wakubwa wa juu walitaka vijiji vitaje maeneo yasiyotumika ili wapewe watu wenye mitaji. Yeye hakuwa na haja ya kuzunguka, kwa sababu kabatini alikuwa na orodha tayari. Aliinua karatasi, na kutoka pale nilipoketi niliutambua mwandiko.

"La kwanza," alisoma, "kisiba cha mdomo wa mto. Halitumiki. Kwa nini: mstari."

Watu wakacheka. "Mstari ni sababu gani hiyo?" mmoja aliuliza. Mtendaji akaendelea kwamba yupo mfanyabiashara wa samaki, ana kokoro na gari la barafu, na yuko tayari kupachukua.

Nilisimama. Nashukuru Mungu kwamba angalau nilisimama.

"Mwenyekiti, mwandiko huo ni wangu. Naomba kusahihisha. Kisiba kile kinatumika."

"Kinatumikaje, mzee wangu," alisema mtendaji, kwa heshima, "na sasa hivi kimefungwa? Nimepita asubuhi, sikuona hata mtumbwi."

"Kimelala."

Alitabasamu. "Mzee, si ndiyo hayo hayo? Kiwanda kikilala tunasema hakitumiki. Shamba la katani likilala tunasema halitumiki. Na agizo ndilo linasema, vilivyolala viamshwe."

Kicheko kikapanda. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti, "Jamani, Bwana Karani siku hizi ni mlinzi wa mizimu!" Mwingine akamjibu, "Jumapili atatuhubiria kuhusu fundo!" Mzee mwenzangu wa kanisa, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele, aligeuka akanitazama usoni bila kucheka, na huyo ndiye aliyenimaliza.

Nilikuwa na la kusema. Ningesema samaki wanapumzika pale wakiwa na mayai. Ningesema matete ndiyo nyumba ya vitoto. Nisingetaja mzimu hata mmoja. Lakini nilikuwa nimewafundisha watu wale wale, kwa miaka, kwamba fundo lile halilindi kitu chochote, ni ujinga tu. Kila neno lingekuwa linaniita mwongo. Nikasimama pale nikitazama viatu vyangu.

Kaka alikuwa ameketi chini, pembeni, na koti lake. Alisema, "Mwacheni mdogo wangu akae. Amechoka kusimama."

Nikakaa.

Kokoro ni wavu mrefu wa kuburuta. Wanaume wanashika ncha mbili na kuvuta hadi nchi kavu, na kila kilicho ndani kinakuja, kikubwa na kidogo, na majani na matope. Walianza kwa kukata matete ili wapate mahali pa kuvutia. Fundo lilikuwa bado limefungwa. Hawakulikata hata kwa kisu, nguzo moja iliangushwa na mtumbwi na tete likazama. Siku ya kwanza mbasa walitoka wengi kiasi kwamba watu walipiga vigelegele. Vijana walipata kazi ya kuvuta. Mtendaji alipongezwa. Vitoto, virefu kama kidole, vilibaki mchangani vikikauka, na kuku walishiba wakaviacha.

Jioni ya siku ile mke wangu alipika mbasa. Alipompasua alimkuta amejaa mayai, akaniita nione, akasema, "Baba, huyu alikuwa anakwenda juu." Nilimwambia apike. Nilikaa mezani, nikafumba macho, nikashukuru kwa chakula. Sala hiyo Mungu aliisikia, najua, kwa sababu husikia zote. Sijui aliifanyia nini.

Msimu wa pili walipata, ila kidogo. Msimu wa tatu gari la barafu lilisubiri siku nne, barafu ikayeyuka ikatiririka barabarani, na mfanyabiashara akalihamishia ufukwe mwingine. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja kuniaga, akaniuliza kama najua sehemu nyingine ambayo haitumiki. Bila matete kingo zilianza kumomonyoka, mafuriko yakaleta mchanga, na kisiba kikajaa. Ukienda leo utakuta tuta lenye mimea ya kujiotea, mbuzi wamefungwa hapo. Mto nao umenyooka. Wajane hawapelekewi kitu, maana hakuna siku ya kwanza.

Watu hawakumlaumu yeyote. Walisema samaki wamehama. Wengine walisema ni Mungu, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, kusikia jina lake likibebeshwa mstari wangu wa wino.

Njia ile ipo. Watu wanapita wakisalimiana, "Ugonile, ugonile," kwa sauti wanazotaka. Mara ya kwanza nilipowasikia nilitamani mtu mmoja tu anyamaze.

Na kaka? Kila mvua zilipoanza alikwenda na nguzo zake mbili. Mwanzoni kulikuwa na maji ya magotini, akazichomeka humo. Baadaye alizichomeka kwenye matope, na mwisho mchangani. Akafunga tete, akafunga fundo, akarudi akisema "Kigonile" kwa watu waliokuwa wanamcheka, na koti lake lilikuwa limefifia likawa rangi ya udongo. Nilimfuata mara moja.

"Kaka, hakuna kitu hapo."

"Najua. Mimi siyo kipofu."

"Sasa unafunga nini?"

"Nafunga kwa sababu ni mvua." Akakaza fundo kwa meno. "Wewe ulipokuta ghala limefungwa kule Ipinda, hukuendelea kunoa penseli zako kila asubuhi? Shemeji aliniambia."

Nilitaka siku ile kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani. Yeye akaanza kuzungumza habari za ndizi zake zilizoibwa, na mimi nikayaacha maneno yangu yapite.

Mwishoni mwa miaka ile ya tisini mtafiti alirudi. Alikuwa amenenepa kidogo, na amevaa miwani. Aliniletea kitabu chake cha utafiti kilichojalidiwa, na katika ukurasa wa shukrani alikuwa amenitaja kama mkalimani mwaminifu. Nilisoma neno hilo, mwaminifu, nikafunga kitabu. Kisha nikamwambia yote: homa yake, kaka juu ya mtumbwi, ndiyo na hapana, mstari. Alifungua jedwali moja katikati ya kitabu, akaweka kidole. Kisiba kilikuwa pale, katika safu ya maeneo yasiyotumika, kimepigwa chapa safi.

"Mzee, jambo hili ndilo nililokuja kulitafuta," alisema. "Ndilo hasa. Nilizunguka wilaya nzima nikitafuta mahali ambapo watu wanaacha kwa makusudi."

"Lilikuwa hatua mia nne kutoka ulipolala na homa, mwanangu."

Alitaka kumwona kaka. Kaka alikuwa mgonjwa, kifua kimembana, amelala nyumbani kwa mke mdogo huku mke mkubwa akimkanda miguu. Dada alipiga magoti, akamwamkia, akamweleza kwamba anaweza kuandika upya, kusahihisha, watu wasome ukweli wa kisiba.

Kaka alimsikiliza hadi mwisho. "Andika, mwanangu," alisema. "Andika vizuri. Ila, samaki wanasoma?"

Wake zake wakacheka, naye akacheka mpaka akakohoa. Dada hakucheka. Alitoa daftari lakini hakuandika kitu, akabaki amelishika.

Siku chache baadaye, asubuhi, nilikwenda kumjulia hali. Nilikuta uso umeingia ndani na koti lile limekunjwa chini ya kichwa chake. Kwa mazoea ya miaka yote nilisema mlangoni, "Ugonile, kaka." Nikakaa kitini, nikamshika mkono, na hapo ndipo yale maneno niliyokuwa nimeyapanga yalitoka, yamevurugika, bila mpango. Nilimwambia niliona aibu juu yake. Nilimwambia nilijua kwa nini, na nilipiga mstari.

Alifumbua jicho moja.

"Bwana Karani," alisema taratibu, "wakija kuuliza habari zangu, sema nimelala. Usiandike situmiki."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu. Alifariki kabla ya saa sita mchana. Kanisa halikumpigia kengele, kwa sababu ya wale wake wawili, na mimi nilikuwa miongoni mwa wazee waliokaa kulijadili, na kura yangu moja haikutosha. Tulimzika wenyewe, karibu na kaburi la baba, mimi nikiongoza sala. Kutoka nyumbani hadi kaburini tulipita kando ya lile tuta la mchanga, na sikumsalimu mtu, wala aliyekuwa nyuma yangu hakusalimu. Sijui kama walikumbuka au walikuwa wanalia tu.

Bado nashukuru. Nashukuru kwa mtu kama yule kuwa kaka yangu. Lakini nikiombwa nitoe ushuhuda kwamba mambo yaligeuka yakawa mema, siwezi. Mbasa hawakurudi. Mvua zikianza naamka mapema, nakwenda na nguzo mbili, nazichomeka mchangani kati ya mbuzi, na vidole vyangu havijui kufunga fundo kama lake. Kila mwaka linafunguka kabla sijafika nyumbani.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akubariki. Ukilala akulinde, na ukiamka awepo mtu wa kukusalimu. Na siku utakapoletewa karatasi ukaulizwa habari za kitu kinachokutia aibu mbele za watu, Bwana autulize mkono wako uandike kwa nini. Ndaga, yaani asante. Amina.